Kisanduku Kisichotia Chumvi

Tuulize swali linalosikika kama la wenye pesa: kama homu thieta yako inafanya kazi sawa, kuna haki gani ya kununua priampu ya stereo na kuiweka kando yake?

Kwanza tuelewane vile mambo hufanya kazi. Risiva ya homu thieta ni kama kioski cha Free Area: mkate, M-Pesa, kredo, mayai, yote dirisha moja. Ndani yake kuna kichakataji cha sauti za filamu, swichi za picha, na amplifaya tano au saba. Filamu inapenda hivyo. Risasi inapita nyuma ya kochi na unainama. Lakini rekodi ya stereo ina njia mbili tu, na risiva nyingi huigeuza kuwa dijitali, huipunguza besi na kuipeleka kwa wufa, kisha ndio uisikie.

Priampu ina kazi ndogo: inachagua chanzo, inaweka kiwango cha sauti, inapitishia amplifaya ya spika mbili za mbele. Zile zinazofaa kazi hii zina njia ya kupita moja kwa moja. Ukiwasha filamu, priampu inakaa pembeni na risiva inaamua sauti. Ukitaka muziki, risiva inazimwa kabisa.

Yaani unalipa ili kitu kisiongezwe. Tunasema mjumbe hauawi, na nadhani ni kwa sababu tunamwamini hajatia chumvi. Priampu nzuri ni mjumbe wa aina hiyo, na kumlipa mjumbe mwaminifu ni njia moja ya kumheshimu aliyemtuma.

Hapo hoja inaonekana imekamilika, mpaka ukumbuke Chemirocha. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis, upande wa Kericho, wakiimba kuhusu kiumbe nusu mtu, nusu swara. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemfahamu kupitia gramafoni. Chumvi ilitiwa mpaka jina likageuka na mtu akaota kwato! Na bado, nani anaweza kusema hawakumsikiliza? Walimsikiliza hadi wakampa nafasi kwa nyimbo zao. Kwa hivyo mtambo safi ni kitu kimoja, na umakini ni kingine. Cha kwanza kina bei.

Sasa tuje kwa bei. Chukua msee anayekaa London, hii yetu ya Nakuru, si ya Uingereza. Ameweka akiba ya priampu. Wiki hiyo mdogo wake anatumwa nyumbani kwa sababu ya karo. Wengine watamwambia, "Doo ni zako, furahia." Wengine watasema kila raha ni dhambi mradi kuna mtu ana shida. Zote mbili ni rahisi sana. Ya kwanza inasahau kwamba kuna aliyemlipia yeye pia karo. Ya pili ingetuacha bila muziki kabisa, maana hata aliyekaa kutwa akichonga chepkong' angeweza kuwa shambani akilima.

Mimi ningemwambia alipe karo kwanza. Si kwamba muziki ni kitu kidogo. Ni kwamba priampu inaweza kungoja, na muhula hauwezi. Halafu kuna jambo la sikio lenyewe. Mtu anayetaka kusikia pumzi ya mwimbaji kati ya maneno mawili, kisha asisikie sauti ya mdogo wake kwa simu ikisema "niko sawa tu," amenoa sikio la nini? Hatuna sikio la muziki na lingine la watu. Na jirani ya ploti, aliye upande wa pili wa ukuta ule mwembamba, anangoja sikio hilohilo limkumbuke saa tano usiku.

Akimaliza hayo, anunue bila kuomba msamaha. Kabla ya hapo kuna jaribio la bure. Risiva nyingi zina kitufe cha "Direct," kinachoruka sehemu kubwa ya uchakataji. Abonyeze, aweke simu chumba kingine, akae na albamu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akishindwa kukaa hizo dakika arobaini, hakuna kisanduku kitakachomsaidia kukaa.