Paundi Tatu za Rosemary Fell

Rosemary Fell hakukosa kitu. Alikuwa kijana, mvaaji, msomaji wa vitabu vipya kuliko vyote, mke wa Philip aliyempenda kupita kiasi, na mama wa mtoto wa kiume. Nyumba yake jijini London ilipokea watu wa majina. Akitaka kununua vitu alivuka bahari kwenda Paris. Lakini Katherine Mansfield, mwandishi aliyembuni, anaanza kwa kutuambia kwamba bibi huyu hakuwa mzuri hasa wa sura. Msomaji mwenye haraka huipita sentensi hiyo. Nawaomba wanawake wenzangu waishike, maana hadithi nzima ya "A Cup of Tea" imejengwa juu yake.

Mansfield aliiandika Januari 1922 akiwa Uswisi, mgonjwa wa kifua kikuu, na mwaka mmoja baadaye alifariki Ufaransa akiwa na miaka 34. Alizaliwa Wellington, New Zealand, na baba yake alipanda hadi kuwa mwenyekiti wa Benki ya New Zealand. Nyumba za wenye nacho alizijua kwa kukulia humo. Ndiyo maana hamzomei Rosemary. Anamfuata hatua kwa hatua, alasiri moja tu ya baridi, na kutuachia sisi kazi ya kumtazama.

Alasiri hiyo Rosemary yumo katika duka la vitu vya kale, mtaa wa Curzon. Mwenye duka anamstahi mno. Vitu vizuri humwekea yeye kwanza. Leo amemtolea kikasha kidogo cha enameli, kazi ya mikono ya ajabu, bei gini 28. Gini moja ilikuwa shilingi 21, kwa hiyo kikasha kilikuwa paundi 29 na shilingi nane. Hata yeye anasita. Anaomba awekewe, anatoka nje, na pale mlangoni, mvua ikinyesha na giza likiingia, anashikwa na unyonge usio na sababu. Wengi wanaujua unyonge huo: umemaliza kutazama kitu kizuri, hujakipata, na ghafla maisha yako yote yanaonekana na upungufu ambao saa moja kabla hukuuona.

Hapo ndipo msichana mwembamba anayetetemeka anapomsogelea na kumwomba bei ya kikombe cha chai.

Angeweza kumpa sarafu akapita. Rosemary anafanya zaidi: anampakia garini na kumpeleka nyumbani. Njiani amejaa furaha. Anajiona yumo katika riwaya ya Dostoyevsky. Anasikia namna atakavyowasimulia rafiki zake kesho nao wakashangaa. Anataka msichana huyu ajue kwamba matajiri nao wana moyo, na kwamba wanawake wote ni ndugu. Nyumbani anampandisha hadi chumbani kwake, anamvua koti na kofia, kisha koti na kofia anaviacha sakafuni. Msichana, ambaye njaa imekaribia kumwangusha, anaangua kilio kwamba hawezi tena kuendelea namna hii. Rosemary anamkumbatia, anaahidi kumtunza, anaagiza chai. Inaletwa pamoja na mikate na siagi, na mwenyeji anajishughulisha na sigara yake ili mgeni ale bila kutahayari.

Nataka kusimama hapa, kwa sababu wanaomwita Rosemary mnafiki tangu mwanzo hawamtendei haki, na pia wanajinyima funzo. Mkono ule uliomkumbatia msichana ulikuwa wa kweli. Adabu ile ya kugeuza uso mtu akila ilikuwa adabu ya kweli, tena nzuri. Mwanamke huyu alikuwa na wema ndani yake. Msichana anapomaliza kula, macho yameanza kupata nuru na mwili umetulia kitini, Rosemary anamuuliza kwa sauti ya upole swali la kwanza la maana: mara ya mwisho ulikula lini?

Kitasa cha mlango kinageuka. Ni Philip. Swali halijibiwi, wala haliulizwi tena mpaka hadithi inakwisha.

Philip anashangaa kumkuta mgeni, anasalimia kwa heshima, kisha anamwita mkewe maktaba na kumuuliza huyu ni nani. Anaelezwa. Anasema haiwezekani kumweka mtu hivi hivi. Rosemary anashikilia msimamo wake. Ndipo mume anatamka, kama mtu aliyepitiwa tu na wazo, kwamba msichana yule ni mzuri wa ajabu. Anarudia, kwa neno zito zaidi. Anauliza kama atakula nao chakula cha usiku.

Rosemary anakwenda kwenye meza yake ya kuandikia. Moyo unamwenda mbio. Anavuta kitabu cha hundi. Hapana, hundi haitamfaa mtu kama yule. Anafungua mtoto wa meza, anatoa noti tano za paundi, anazitazama, anarudisha mbili. Zile tatu anazifumbata na kurudi chumbani.

Sijui tendo dogo kuliko hilo katika hadithi fupi nilizosoma ambalo linabeba uzito mkubwa hivyo. Kabla ya Philip kufungua mdomo, msichana aliahidiwa kutunzwa. Baada ya neno moja kuhusu sura yake ameshuka hadi paundi tano, na mkono ulipozishika zile tano ukaona hata hizo ni nyingi. Kikasha cha dukani kilikuwa karibu mara kumi ya kile alichoondoka nacho. Tena msichana hakuwa amefanya kosa lolote. Aliingia katika nyumba ile akiwa na njaa, akala, akapata rangi usoni, na rangi hiyo ndiyo iliyomfukuzisha.

Nusu saa baadaye Rosemary anarudi kwa mumewe, nywele zimetengenezwa, macho yamepakwa wanja, shingoni lulu. Anasema Miss Smith, yaani yule msichana, amekataa kubaki. Anaomba anunuliwe kile kikasha cha gini 28. Philip anampakata na kukubali. Lakini si kikasha alichokuwa akikitaka. Anamvuta kichwa kifuani na kumuuliza kama yeye, mkewe, ni mzuri.

Tuangalie anayeombwa. Sheria ya Uingereza ilikuwa imempa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake tangu 1882, miaka 40 kabla ya hadithi hii. Humu nyumbani bado anaomba ruhusa ya kikasha kama mtoto, na anaomba pia ruhusa ya kujiona ana thamani. Hadhi yake yote ni ya kuazima, na mwenye kuiazimisha anaweza kuitikisa kwa neno moja. Philip simsamehi kirahisi. Alitaka kumtoa msichana nyumbani, na alijua ni wapi pa kumgusa mkewe.

Wasomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa hawahitaji kwenda London kumwona Miss Smith. Ni yule binti aliyeletwa kutoka kijijini kuwa dada wa kazi. Alifika amekonda, mama mwenye nyumba akampa magauni yake ya zamani, akamwonyesha kitanda, akawaambia majirani kwamba huyu si mfanyakazi, huyu ni mwanangu. Baada ya miezi michache amenawiri. Mgeni mmoja, au baba mwenye nyumba, au hata shemeji, akasema siku moja mezani kwamba huyu binti kumbe ni mzuri. Wiki haiishi amefungiwa mizigo na kupewa nauli. Akiulizwa sababu, mama atataja sukari iliyopungua au simu inayopigwa usiku. Wakati mwingine sababu hizo ni za kweli. Mara nyingi ni zile noti mbili zilizorudishwa mezani, na mwenye kuzirudisha hajui kwamba amefanya hivyo.

Na si uzuri pekee unaoleta haya. Iko misaada inayopelekwa vituo vya watoto yatima ikiwa na mpiga picha, na mfuko wa unga unaoinuliwa mara tatu mpaka picha itoke vizuri. Mtoto aliyesimama kando ya ule mfuko hajaulizwa jina. Sisemi unga usipelekwe. Unga huliwa, na njaa haichagui mkono unaoleta. Nasema anayekwenda pale kutafuta namna ya kusimulia kesho atarudi na kitu cha kusimulia, na yule mtoto atabaki mgeni kwake kama alivyokuwa asubuhi.

Anton Chekhov, Mrusi aliyekuwa daktari na mwandishi kwa pamoja, alilitazama jambo hili hili la kutomwona mtu aliye mbele yako kutoka upande ulio mchungu zaidi katika hadithi yake "Poprygunya", iliyochapishwa Januari 1892. Olga Ivanovna, miaka 22, ameolewa na daktari mpole aitwaye Dymov anayehangaika kati ya hospitali mbili. Olga anachora kidogo, anaimba kidogo, na kila Jumatano nyumba yake hujaa wasanii na waigizaji wenye majina. Njaa yake ni ya watu mashuhuri. Akimpata mmoja anamzoea, anamchoka, anatafuta mwingine mkubwa zaidi. Mume hukaa pembeni mpaka karibu saa sita ya usiku, kisha anafungua mlango wa chumba cha chakula na kuwakaribisha wageni mezani. Olga anapenda hilo. Anamwita mhudumu wake mpenzi, na kuwaonyesha wageni jinsi paji la uso wake lilivyo zuri.

Kuna siku Dymov anakwenda kumtembelea mkewe katika nyumba ya mapumziko ya shambani. Hawajaonana wiki mbili. Amebeba mayai ya samaki ya bei kubwa, jibini na samaki, na njia nzima amekuwa akiota kula chakula cha usiku na mkewe. Anafika na njaa. Olga anamrukia kwa furaha: kesho kuna harusi ya kijana wa telegrafu pale stesheni, naye hana nguo, tafadhali rudi mjini ukaniletee gauni la waridi. Dymov anakunywa chai haraka, anatabasamu, anarudi stesheni. Chakula alichokibeba kinaliwa na wageni watatu waliokuwa pale.

Baadaye Olga anaingia katika mapenzi na mchoraji mmoja, na mume anajua na kunyamaza. Mwishowe Dymov anamtibu mtoto mwenye dondakoo. Siku hizo seramu ya ugonjwa huo ilikuwa bado haijaanza kutumika hospitalini. Anafyonza kwa mrija utando uliomziba mtoto koo, na ugonjwa unamhamia. Anapokata roho, daktari mwenzake analia kwa hasira kwamba sayansi imepoteza mtu ambaye mfano wake haupo kati yao wote. Hapo Olga anakumbuka jinsi marehemu baba yake na madaktari wote walivyokuwa wakimheshimu Dymov. Mtu mkubwa aliyekuwa akimtafuta mji mzima alikuwa akimfungulia mlango wa chumba cha chakula kila Jumatano.

Hadithi ilipotoka, Moscow iliisoma kwa namna inayoumiza. Watu waliulizana ni nani huyu. Wakamnyooshea kidole Sofia Kuvshinnikova, mke wa daktari, mwenye kuchora, mwenye baraza la wasanii, na mchoraji Isaac Levitan aliyekuwa karibu naye. Chekhov alilalamika katika barua kwamba mama huyo ana miaka 42 na mhusika wake yuko katika umri wa ishirini na kitu. Levitan alikasirika, na urafiki wao ulivunjika kwa karibu miaka mitatu, hadi Januari 1895. Naona Chekhov hakuwa mwangalifu. Alichukua mengi mno kutoka sebule aliyokaribishwa. Lakini wasomaji nao walifanya kosa la Olga. Walitafuta watu wenye majina ndani ya hadithi, na Dymov wakampita tena.

Katikati ya hadithi hiyo, kabla ya dondakoo, iko jioni moja ambayo ningependa kila mwanamke aliyeolewa, na kila mwanamume pia, aisome polepole. Olga anajipamba mbele ya kioo kwenda kutazama tamthilia. Dymov anaingia amevaa suti rasmi, uso unang'aa. Anakaa, anapapasa magoti, anasema ametoka kutetea tasnifu yake. Olga anamuuliza, bila kugeuka, kama amefaulu. Anasema ndiyo, na huenda atapewa uhadhiri katika patholojia ya jumla. Chekhov anatuambia waziwazi kwamba laiti Olga angeshiriki furaha ile, mume angemsamehe yote, yaliyopo na yatakayokuja. Lakini Olga hakujua uhadhiri ni nini wala patholojia ya jumla ni nini, tena alihofia kuchelewa, kwa hiyo hakusema kitu. Dymov alikaa dakika mbili, akatabasamu kama mtu mwenye hatia, akatoka.