Gari la Bagamoyo



Unakumbuka enzi zile magari ya Bagamoyo yalipoanzia Mwenge, kabla ya kuhamia Makumbusho? Konda aliita, "Bagamoyo, Bagamoyo!" Hakubembeleza. Aliyepanda, alipanda.

Sasa sisi marafiki. Bagamoyo hiyohiyo tumeipanga tangu Pasaka. Kwenye kundi la simu kila mtu anasema, "Nipo!" Mchango ukitajwa, kimya. Huyu anataka magofu ya Kaole. Yule anataka bahari na samaki tu. Mwingine anasubiri mshahara, na haya zinamzuia kusema. Na mweka hazina, maskini, akikumbusha anaonekana ana njaa.

Leo, kabla kazi haijakuchanganya, lifungue lile kundi. Umepanda? Au bado umeshika mlango, unamwambia konda, "Nakuja"?