Nguo ya kazi iwe ni nguo ya swala

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la dini mpaka linapotugharimu swala. Nalo ni nguo zilizomo ndani ya makabati yetu.

Sisi tunaokaa Pugu, Chanika na Gongo la Mboto tunaijua siku yetu ilivyo. Alfajiri ikimalizika tu, watu wako kituoni wanagombea daladala. Safari ni ya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu, kupita uwanja wa ndege na TAZARA mpaka Kariakoo au Posta. Kurudi nyumbani ni usiku. Maana yake ni kwamba Adhuhuri, Alasiri na mara nyingi Magharibi zinamkuta Muislamu ndani ya nguo ile ile aliyoichagua gizani asubuhi.

Katika darasa ninalofundisha, swali ninaloulizwa mara kwa mara na dada zetu wanaofanya kazi mjini ni hili: je, inafaa kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri nikifika nyumbani? Ukidadisi sababu utakuta si safari wala maradhi. Ni nguo. Sketi inabana, mikono ni mifupi, mtandio ni mwepesi unaonyesha nywele. Sasa, ndugu zangu, kuziswali baada ya jua kuzama si kukusanya. Hiyo ni swala iliyotoka nje ya wakati wake, na udhuru wenyewe umeshonwa na fundi cherehani!

Wanaume nao wasicheke. Simama safu ya nyuma siku ya Ijumaa katika msikiti wowote wa mjini, utaona vijana wenye mashati mafupi na suruali za kuning'inia kiunoni. Wakienda rukuu na sijda, mgongo wote wa chini uko wazi. Uchi wa mwanaume katika swala ni baina ya kitovu na magoti, na kuusitiri ni sharti katika masharti ya swala. Kijana ameacha biashara yake, ametawadha, amesikiliza hutuba, halafu swala yake inaharibiwa na shati lililopungua shubiri moja.

Allah (s.w.) katika Suratul A'raf, aya ya 26, anawakumbusha wanaadamu kuwa amewateremshia nguo za kusitiri tupu zao na nguo za pambo, kisha anabainisha kuwa vazi la ucha Mungu ndilo bora zaidi. Tazama mpangilio huo. Stara imetajwa, na pambo halikuachwa. Aya ya 31 inatuamrisha tuchukue mapambo yetu kila tuendapo kuswali, na papo hapo inakataza israfu. Kwa hiyo anayedhani kuwa uchamungu ni kuvaa kanzu iliyokunjamana yenye doa la mchuzi, hakuisoma aya. Na anayedhani kuwa kupendeza ni lazima kuwe kwa kubana na kuonyesha, naye hakuisoma.

Wako wanaosema, "Sheikh, sisi ni watu wa kazi ngumu, hayo ya mavazi waachieni wenye nafasi." Masahaba nao walikuwa watu wa kazi. Bi Aisha (r.a.) amesimulia, kama ilivyo katika Bukhari, kuwa watu walikuwa wakija Ijumaa na vumbi na jasho la kazi zao, na Mtume (s.a.w.) akawahimiza waoge kwa ajili ya siku hiyo. Na katika Abu Dawud imepokewa kuwa aliwahimiza wenye uwezo wawe na nguo mbili za Ijumaa mbali na nguo za kazi. Hebu tuzingatie. Hakuhimiza kabati zima. Amehimiza nguo chache, kila moja na mahali pake, na zote safi.

Hata historia ya pwani yetu inatufunza uzito wa jambo hili. Zama za utumwa Unguja, mjakazi alijulikana kwa kaniki na merikani, na kujifunika kichwa ilikuwa ni heshima ya mabibi. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wanawake wale walikimbilia kanga, na baadaye baibui. Kwao stara ilikuwa ni tangazo la utu na uhuru. Vipi leo mjukuu wao aione stara kuwa ni mzigo wa kumchelewesha kazini?

Basi tufanyeje? Ushauri wangu ni mwepesi. Kabla hujanunua nguo ya kazi, jiulize maswali matatu: naweza kupanda nayo daladala iliyojaa bila kufunuka? Naweza kufanya nayo kazi yangu mpaka jioni? Naweza kuswali nayo bila kubadilisha? Nguo inayopata ndiyo tatu ndiyo ya kununua. Kwa joto la Dar es Salaam na unyevu wake, chagua pamba, maana poliesta huzuia hewa na kushika harufu ya jasho. Magauni manne au matano mapana ya rangi zinazoelekeana, mitandio michache mizito, na pea ya soksi ndani ya mkoba wa kufunikia miguu wakati wa swala, yanamtosha dada wiki nzima. Kaka naye, mashati marefu kidogo, suruali zisizobana zinazokaa kiunoni sawasawa, na kanzu mbili safi kwa ajili ya Ijumaa. Mwambie fundi aongeze upana na urefu tangu mwanzo. Na mtumba si aibu, alimradi umefuliwa, hauonyeshi na haubani.

Tatizo la pili ni israfu. Kabati limejaa, na mwenyewe kila asubuhi analalamika hana nguo! Nyingi ni sare za harusi na za kitchen pati zilizovaliwa mara moja. Tuseme sare moja ni shilingi 120,000 na imevaliwa siku moja. Gauni la shilingi 40,000 likivaliwa mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, kila siku moja haifiki shilingi 400. Lipi la ghali? Msiba mkubwa zaidi ni kuwa wapo wanaokwenda kuchukua mikopo ile inayoitwa kausha damu ili tu wasikose sare. Yaani mtu anaingia katika riba, ambayo Allah (s.w.) katika Suratul Baqara aya ya 279 ameitangazia vita, kwa ajili ya kitambaa cha jioni moja. Ndugu yangu, hakuna harusi yenye thamani hiyo. Nguo usizozivaa zitoe sadaka zikiwa bado nzima, zimsitiri mwingine.

Nimalizie kwa akina baba. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama ilivyopokewa na Abu Dawud, kuwa ni katika haki za mke umlishe unapokula na umvishe unapovaa. Usimgombeze mkeo kwa nguo ya kubana ilhali mara ya mwisho kumnunulia kitambaa ilikuwa ni siku ya ndoa. Na kabla ya Suratun Nur kuwaelekea wanawake katika aya ya 31, aya ya 30 imewaamrisha wanaume kuinamisha macho. Kila mmoja aanze na kabati lake.

Usiku wa leo, kabla hujalala, itoe nguo utakayovaa kesho uitundike, kisha iulize kama utaweza kusujudu nayo saa saba mchana. Kama jibu ni hapana, badilisha sasa hivi, kwa sababu asubuhi daladala haitakusubiri, na wakati wa swala nao hautakusubiri.

Namuomba Allah (s.w.) atusitiri hapa duniani na akhera, na atuvike vazi la ucha Mungu. Amin.