Mapenzi ya Mungu na Beseni la Maji

"Ni mapenzi ya Mungu, mama," majirani waliniambia hapa Kiganjo, Thika, mume wangu alipofariki. Nikanyamaza, cherehani mbele yangu, hasira imenijaa. Kama ndiye aliyependa iwe hivyo, nikamlilie nani?

Jibu la maana nililipata kwa mshauri nasaha wa kikundi chetu cha wajane. Alitufundisha tiba ya tabia ya kidayalektiki ya Marsha Linehan, mwanasaikolojia Mmarekani aliyechapisha mwongozo wake mwaka 1993. Linehan mwenyewe alilazwa hospitali ya akili akiwa msichana. Ni Mkatoliki aliyejifunza pia Zen. Anataka mambo mawili kwa pamoja: ukubali lililotokea, na ubadilishe unaloweza. Hasira ikipanda, nafanya zoezi mojawapo la tiba hiyo: nainamisha uso ndani ya beseni la maji baridi, nabana pumzi kidogo. Mapigo ya moyo hupungua. (Mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza.) Mwili utulie, teolojia itafuata.

Nimekubali kwamba amekufa. Sikukubali mashemeji wachukue shamba. Hilo nililipeleka kwa chifu. Ayubu naye alilalamika, na Mungu hakumwita kafiri.

Jamani, mkija matangani, acheni kumfafanulia mfiwa nia ya Mungu. Mchoteeni maji.