Deraya bila ikhlasi

Kule Hattin kuna watu ambao miaka ya karibuni wamekuwa wakiigiza vita vya Julai 4, 1187, Sultan Salahuddin Ayyubi alipolishinda jeshi la Msalaba. Huvaa deraya za pete za chuma, zenye uzito wa zaidi ya kilo 10, na kutembea juani ili waonje kiu iliyolidhoofisha jeshi lile.

Tusiwacheke. Mwili hufundisha yasiyomo kitabuni. Lakini jioni huvua chuma wakanywa maji. Hofu ya mauti na ikhlasi haziigiziki.

Nasi je? Twavaa kanzu na kufuga ndevu kwa kufuata Sunna, na hilo ni jema. Lakini mizani zetu dukani zikoje? Salahuddin alipoingia Quds mwaka ule, hakulipiza damu iliyomwagwa mwaka 1099. Alipofariki mwaka 1193, aliacha dinari moja ya dhahabu na dirham 47. Deraya yake fundi yeyote ataiiga. Moyo ule hauuzwi.

Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Allah hutazama nyoyo na amali, si sura zetu. Basi tusiwe waigizaji wa dini yetu wenyewe.

Wallahu a'lam.