Mkate wa Tini na Moyo wa Hezekia

Somo: Isaya 38:1–8 na 21, 2 Mambo ya Nyakati 32:24–26



Mfalme Hezekia aliugua, naye alikuwa karibu kufa. Nabii Isaya alimjia, akamwagiza atengeneze mambo ya nyumba yake. Mfalme akaugeukia ukuta, akaomba na kulia sana. Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Ndipo Isaya alipoagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake.

Wasomaji wengi hupita upesi hapo penye tini. Ahadi ya Mungu ilikuwa imekwisha kutolewa, na hata hivyo dawa ililetwa. Isaya hakudhani ya kuwa tini zaipunguza ahadi, wala Hezekia hakuzikataa ili aonyeshe ukubwa wa imani yake. Neno hili latufaa sisi wa Newala, maana wako watu wanaougua vali za moyo, na uponyaji wao wataka maombi na tini pamoja.

Moyo una vali nne, nazo ni kama milango ifungukayo upande mmoja tu, ili damu isirudi nyuma. Katika nchi yetu vali nyingi huharibika kwa maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Baadaye huja homa iumizayo viungo, iitwayo homa ya rumatiki, nayo huacha makovu moyoni. Miaka hupita, kisha mtu apungukiwa na pumzi apandapo mlima, miguu yavimba, na usiku hawezi kulala ila ameketi. Watu husema amerogwa. Sivyo. Asipelekwe kwa mpiga ramli, bali hospitali ya wilaya, na kutoka huko Ndanda au Mtwara, hata afike Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huko Muhimbili, Dar es Salaam. Zamani wagonjwa wa namna hii walipelekwa ng'ambo, kama India. Mwaka 2008 upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 Taasisi hiyo ikasimama peke yake. Tumshukuru Mungu kwa ajili ya tini hizi.

Basi na tumfuate Hezekia katika mambo matatu.

La kwanza: kuitengeneza nyumba. Isaya hakumficha mfalme hatari yake. Vivyo hivyo daktari mwaminifu humwambia mgonjwa ya kuwa upasuaji huu ni mkubwa, na wako wasioamka. Tusimzuie kusema, wala tusimdanganye mgonjwa. Na apatane na jirani yake, aandike madeni yake, awaite mwenzi wake na mjomba na wakubwa wa ukoo, aseme ni nani atakayewatunza watoto. Kisha na apokee Chakula cha Bwana. Huko si kukata tamaa. Ni kusafiri kama mtu anayejua njia zote mbili zafika kwa Baba.

Na nyumba ya mwili itengenezwe pia. Meno yatazamwe, maana meno mabovu huingiza vijidudu katika damu, navyo huweza kukaa juu ya vali mpya. Asifiche dawa yo yote anywayo, hata mizizi. Mwanamke aseme wazi kama ataka kuzaa, kwa kuwa vali ni za namna mbili. Moja hutengenezwa kwa kaboni na madini: yadumu sana, lakini yataka dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo warfarini, siku zote za maisha, na dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ya pili yatoka kwa ng'ombe au nguruwe: mara nyingi haihitaji dawa hiyo maisha yote, lakini huchakaa baada ya miaka kama 10 au 15, na kwa vijana mapema zaidi. Nao ndugu wawe tayari kutoa damu.

La pili: kuugeukia ukuta. Wengi huuliza kwa siri, "Moyo wangu ukisimamishwa, roho yangu itakuwa wapi?" Swali hili si la kuchekwa. Ni kweli, madaktari hupasua mfupa wa kifua, huusimamisha moyo kwa dawa, na mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu hata vali ishonwe. Mashine ya namna hiyo ilimsaidia mgonjwa apone mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1953, na tangu mwaka 1960 vali za moyo zimebadilishwa kwa watu wengi duniani.

Lakini Maandiko yatajapo moyo, hayasemi habari za nyama hii ya kifuani tu. Yamtaja mtu mwenyewe jinsi alivyo mbele za Mungu. Uhai wetu haukushikwa na pigo la moyo. Pigo la moyo ndilo lililoshikwa na Mungu. Yeye aliyetujua tumboni kabla moyo haujaanza kupiga, hatatusahau usimamapo kwa saa chache. Aamkaye aamka mkononi mwake, na asiyeamka amelala mkononi mwake. Hezekia alipoutazama ukuta hakumwona mtu, lakini machozi yake yalionekana. Usharika na ujue siku ya upasuaji, ukusanyike kuomba.

La tatu: moyo uliojiinua. Kitabu cha Mambo ya Nyakati chatuambia ya kuwa Hezekia, alipokwisha kupona, hakumrudishia Mungu kama alivyotendewa; moyo wake ulijiinua. Katika ugonjwa alinyenyekea. Afya ndiyo iliyomjaribu. Hapa ndipo penye hatari kwa mgonjwa wetu pia.

Arudipo nyumbani, mfupa wa kifua wahitaji muda wa kuunga. Kwa muda wa miezi mitatu hivi asishike jembe wala mchi, asijitwike ndoo ya maji. Ikiwa ni wakati wa palizi au wa kuokota korosho, majirani na walifanye shamba lake. Kazi hiyo nayo ni sadaka, hata kama haipiti katika kikapu cha kanisa.

Mwenye kutumia warfarini na aimeze kila siku saa ile ile, apimwe damu siku alizopangiwa, hata nauli ikiwa shida. Usharika na umsaidie. Kisamvu na mchicha havikukatazwa, lakini ale kwa kiasi kisichobadilika sana. Asiongeze aspirini wala mizizi pasipo kuuliza. Akipata homa asidhani ni malaria tu, bali aende hospitali akaseme, "Nina vali mpya." Mwanamke adhaniye ana mimba aende mara moja, wala asiikate dawa mwenyewe.

Siku moja ataamka ana nguvu, naye atasema, "Nimepona; vidonge vya nini?" Au mtu atamwambia penye maombi, "Imani yako ni haba, vitupe." Ndugu zangu, neno hilo limevaa vazi la imani, lakini ni ndugu wa lile aliloambiwa Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, ajitupe chini. Vali ya madini ikikosa dawa, damu yaweza kuganda juu yake. Bonge lake laweza kuiziba vali au kwenda ubongoni, na mtu akapooza au akafa. Amezaye kidonge kwa shukrani hakumpunguza Mungu. Amezipokea tini. Enyi wainjilisti na wazee, angalieni sana: asife mtu kwa sababu tulimfundisha vibaya sisi.

Tena jambo hili latuhusu sote. Mgonjwa alipopewa vali hakusaidia neno, alikuwa amelala. Nasi tulipewa moyo mpya katika ubatizo, bure, kwa neema tupu. Lakini Katekisimo yatufundisha ya kuwa mtu wa kale hana budi kuzamishwa kila siku kwa toba. Anayesema, "Nalibatizwa zamani, toba ya nini?" amefanana na yule avitupaye vidonge.

Nanyi wazazi, mtoto akiumwa koo pamoja na homa, mpelekeni atibiwe. Naye aliyekwisha kupata homa ya rumatiki, akiandikiwa sindano ya penisilini kila juma la tatu au la nne, asikose hata moja. Hivyo vali zake zaweza kulindwa, asihitaji kisu.

Ee Bwana, uwashike wanaokwenda kupasuliwa, uiongoze mikono ya madaktari. Nasi tuliopona utupe moyo usiojiinua. Amina.