Nyumba ya Wote ni ya Nani?

Kujenga nyumba ya jumuiya kijijini ni miongoni mwa mambo yanayodhaniwa kuwa mepesi. Fedha zikipatikana, husemwa, kilichobaki ni ramani na mafundi. Sisi twaona sivyo. Ramani ya nyumba ya mtu mmoja ni suala la haja zake na mfuko wake. Ramani ya nyumba ya wote ni suala la haki. Kila ukuta unaochorwa hukata shauri fulani: nani ataketi mbele, nani atasimama nje, ufunguo utakaa kwa nani. Basi yafaa tujiulize: shauri hilo ni la mwenye elimu ya ujenzi, au ni la wale watakaoitumia nyumba?

Wapo wasemao kwamba ni la mjuzi, kwa kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Hoja hii haifai kudharauliwa. Uzito wa mbao, upande utokao mvua na kina cha msingi haviamuliwi kwa wingi wa mikono iliyoinuliwa. Lakini mjuzi naye ana mpaka wake, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mathalani, nchini Misri katika miaka ya 1940, msanifu majengo Hassan Fathy alianza kujenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor, kwa ajili ya watu ambao serikali ilitaka kuwahamisha kutoka juu ya makaburi ya kale. Fathy hakuwa mtu wa dharau. Alitumia matofali ya udongo na ustadi wa mafundi wa nchi yake, akaweka msikiti, soko na ukumbi wa michezo ya kuigiza. Hata hivyo wengi wa wenyeji walikataa kuhamia. Kijiji kilikuwa kizuri, lakini riziki yao ilitegemea makaburi yale, na shauri la kuhama halikuwa lao. Uzuri wa ramani haukuweza kuziba pengo hilo.

Wengine husema kwamba dawa ni kuwapa wanakijiji kazi yenyewe, maana mtu hukithamini alichokitolea jasho. Hapa Buganda pana neno la zamani, bulungi bwansi, yaani wema wa nchi, ambalo ni kazi ya pamoja ya kutengeneza njia na visima. Lakini historia ya hapa hapa pia yatuonya. Wakati wa ukoloni palikuwa na luwalo, kazi ya lazima isiyo na ujira kwa ajili ya ujenzi wa umma, ambayo mwenye fedha aliweza kuikomboa kwa kulipa. Barabara zilipatikana, lakini aliyeshika jembe hakuwa na kauli. Jasho bila kauli ni shokoa, hata likiitwa kujitolea.

Tunaandika haya tukiwa Lubaga, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Kampala wala si kijiji. Lakini katika tarafa hii ipo nyumba iwezayo kutufundisha. Kilimani Kasubi Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga jumba lake mwaka 1882, naye akazikwa humo mwaka 1884. Nyumba yake kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010. Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2023 UNESCO ikaitoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Misaada na wataalamu kutoka nje walikuwapo. Lakini kuezeka nyasi, kwa mila, ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na kutengeneza nguo za gome la mti kwa ajili ya jamaa ya kifalme ni kazi ya ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji. Ndani ya paa mna pete 52, ishara ya koo 52 za Waganda. Mtu mwenye wajibu wake katika nyumba aweza kusimama na kusema kwamba kazi haikufanywa ipasavyo, na hapana wa kumuuliza yeye ni nani.

Tutaambiwa kwamba Kasubi ni makaburi ya wafalme, na kwamba vijijini leo huishi watu wa asili mbalimbali wasio wa koo hizo. Ni kweli. Lakini tunachokitaka kutoka Kasubi ni kanuni yake, kwamba wajibu na kauli viende pamoja. Ardhi iulizwe kabla ya ramani. Katika Buganda, tangu Mapatano ya 1900, ardhi ya mailo ina mwenye hati, na mwenye kibanja huishi juu yake. Nyumba ya wote iliyojengwa pasipo maandiko juu ya ardhi ya mtu mmoja, siku moja itakuwa nyumba yake. Kina mama wapikao siku za misiba na harusi ndio waonyeshe mahali pa jiko. Vijana waseme watafanya nini humo jioni. Atakayefagia na atakayeshika ufunguo wajulikane mapema. Kisha mjuzi aeleze lipi haliwezekani na kwa sababu gani, kwa maneno yanayoeleweka barazani. Lugha yetu huliita baraza lile benchi la mawe mbele ya nyumba, na huuita baraza mkutano wa watu waamuao. Mahali pa kukaa na haki ya kusema vimepewa jina moja.

Sisi walimu tuna sehemu yetu katika jambo hili. Aghalabu mwalimu ndiye huombwa kuandika kumbukumbu za mkutano na barua ya kuomba fedha. Akiandika kwamba wananchi wamekubali, ilhali wananchi walinyamaza tu, msanifu atachora kwa kuyafuata maandishi hayo, na nyumba itasimama bila mwenyewe. Kwa hiyo na tuulize mara ya pili, na tungoje jibu, kabla ya kuandika.